Chumba kilichodhani nimeondoka

Aliyeniponza ni kijana muuza vifaa Kariakoo. "Mzee, weka kihisi mwendo, taa itakutambua yenyewe." Nilitaka chumba kinachojua kwamba nimekaa kuandika: taa ya meza iwake, spika ianze kupiga zogo la mnada wa samaki nililorekodi soko la Feri alfajiri. Hadithi yangu ni ya wavuvi, na bila makelele yale sentensi hazinijii.

Nikikaa, kweli inawaka. Naandika mistari miwili, nashika tama kutafuta neno, mara giza totoro na mnada kimya. Kumbe kile kihisi hakimwoni mtu, kinaona joto likisogea, na mwandishi anayewaza hasogei. Nikazungusha skrubu ya muda hadi mwisho, nikapata kama dakika tano. Nina sentensi moja iliyonila dakika arobaini! Ikabidi kila nikikwama nipunge mkono. Mke wangu akapita mlangoni: "Baba watoto, unampungia nani gizani?" Siku nyingine paka akakatiza chumbani, mnada ukafunguliwa saa nane za usiku, nyumba nzima ikaamka.

Wengine wakanishauri rada inayohisi hata pumzi. Ipo, ila nilishachoka kununua. Dawa ilikuwa makalioni. Nilikata kipande chembamba cha godoro cha kuweka kitini, nikakitoboa matundu, nikabandika foili ya jikoni juu na chini, waya mmoja kwa kila foili hadi kwenye bodi ya ESP32, kikompyuta kidogo kinachoamuru taa na spika. Nikikaa, foili zinagusana kupitia matundu, nikiinuka zinaachana. Niwaze hadi asubuhi, taa haithubutu kuzima. Matundu ya kwanza nilitoboa kwa msumari, hayakufaa kitu. Toboa upana wa kidole. Paka hulala hapohapo siku hizi, uzito wake haufiki. Relei ya taa, ile swichi inayoamriwa na bodi, alifunga fundi, umeme wa ukutani sichezi nao. Yote sidhani kama ilivuka elfu hamsini, pamoja na kile kihisi nilichokitupa.

Mazungumzo ya mahaba huwa naitamkia simu, maana tangu 2017 kibodi ya Google inaandika Kiswahili cha kusemwa. Juzi nikasahau kuzima spika. Bibi harusi akatoka hivi: "Nakupenda elfu sita, elfu sita mia tano, nani anaongeza?"

Sijaifuta. Nimemfanya baba yake dalali wa Feri.