Nilivyoipata Zohali kwa darubini isiyo na mota

Picha moja ya sayari, hata ubahatike namna gani, haitoshi. Nilipolielewa hilo, mambo yalinifungukia. Darubini yangu ni ya mtindo wa Dobson, yenye kioo cha milimita 150, na husukumwa kwa mkono. Kamera ni simu niliyoibana kwenye lenzi ya kutazamia. Kwa vifaa hivi, nikiwa uani kwangu Dodoma, nimepata pete za Zohali na mikanda ya Mshtarii.

Adui ni hewa. Sayari iliyokuzwa mara 150 hucheza kama sarafu ndani ya maji; ghafla inatulia, kila kitu kinakuwa dhahiri, kisha inavurugika tena. Ndiyo maana narekodi video: ule utulivu wa kufumba na kufumbua uwemo humo. Mapema usiku saruji na mabati bado yanatoa joto la mchana, basi naitoa darubini jua likizama ili kioo kipoe, naiweka penye udongo, na kuanza kazi saa nne hivi. Upepo ukivuma, nalala.

Sisi huku tumejaliwa sana. Septemba 2024, Zohali ilipokuwa mkabala na Jua, ilipita karibu na utosi wetu, wakati London haikupanda zaidi ya nyuzi 31 hivi juu ya upeo wa macho, ambako hewa ya kupenya ni nene zaidi. Ila Dobson haizunguki vizuri ikielekea juu kabisa, kwa hiyo naiwahi sayari kabla haijafika huko.

Dunia inazunguka, na bila mota ya kuifuata, sayari haikai kwenye lenzi. Mshtarii husogea upana wake mzima kwa sekunde tatu hivi! Naiweka ukingoni, naachia mkono, mtetemo ukiisha naiacha ivuke, kisha nasukuma na kurudia. Fokasi ya simu naifunga, na mwanga naushusha mpaka mikanda itokee. Simu ikijiamulia yenyewe, utapata doa jeupe tu. Yote haya niyamalize ndani ya dakika chache, maana Mshtarii hujizungusha mara moja kwa chini ya saa 10, na alama zake huhama.

Kwenye kompyuta, programu ya PIPP huunganisha video na kuiweka sayari katikati ya kila fremu, yaani kila picha moja ya video. AutoStakkert hupanga fremu kwa ubora. Nachukua robo iliyo bora, na programu hiyo huzirundika fremu hizo ziwe picha moja. Chenga hupungua kwa sababu kila fremu ina chenga zake, ilhali sayari ni ileile. RegiStax hunoa. Zote tatu ni za bure. Kwenye kunoa, nakusihi ujizuie: ukizidisha, pete huota kingo za uongo, na mimi nataka kilichopo angani.

Machi 2025 pete zilitugeukia ubavu. Sasa zinafunguka mwaka hadi mwaka, na zitakuwa wazi kabisa karibu na 2032. Ukianza msimu huu, ukapiga kila mwaka kwa darubini ileile na lenzi ileile, utakuwa na mfululizo mzima wa kufunguka kwake.