Kabla ya Saa Nne Pangoni kwa Antoni

Kutoka Zaafarana, pwani ya Bahari ya Shamu nchini Misri, gari liligeukia jangwani hadi kwenye nyumba ya watawa wa Kikopti ya Mtakatifu Antoni. Ndani ya kuta zake mna chemchemi. Bila hiyo pasingekaa mtu. Pangoni juu mlimani, alikokaa Antoni peke yake, maji hakuna, kwa hiyo kila mmoja wetu alibeba lita mbili, tukaanza kupanda kukiwa bado giza. Ngazi zinapita elfu moja. Anayezianza kwa mbio huishia kukaa njiani. Hatua fupi, na kituo kila baada ya ngazi mia.

Mdomoni mwa pango tuliacha mikoba. Njia ni ufa mwembamba wa mwamba. Unaingia kwa ubavu, tochi mkono wa mbele, na ukijinyoosha mapema utakigonga kichwa. Mwishoni ni kijichumba na kimya.

Wengi hudhani Antoni, mtawa aliyefariki mwaka 356, alikimbia kazi. Atanasi, aliyeandika maisha yake, anasema aliomba jembe, shoka na ngano kidogo, akalima ili asimlemee mtu (wanyama wakamharibia shamba). Alisuka vikapu, akawapa waliomletea mahitaji. Mlo ulikuwa mmoja kwa siku, baada ya jua kuzama: mkate na chumvi.

Kinachowashinda watu upwekeni si njaa, ni uchovu wa moyo. Evagri, mtawa wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, alikitajia hata saa zake: kati ya saa nne na saa nane, zikihesabiwa tangu macheo kama zetu. Jua huonekana limesimama. Mtu hutoka tena na tena kulitazama, saa tisa ya kula iko mbali kiasi gani. Hukichukia chumba, huichukia kazi ya mikono. Kisha huja wazo jema kabisa: nikamtazame mgonjwa. Hilo ndilo la kuogopa, maana halifanani na uvivu.

Dawa ya wazee wa jangwani ilikuwa kutotoka, na kupokezana: kusuka, kusimama kusali, kuketi kusuka tena. Aliyewahi kushika ukili anaelewa. Miyaa ikikauka hukatika. Ikilowa kupita kiasi, ukili hulegea ukishakauka. Kwa hiyo jicho haliwezi kuhama, na moyo hufuata vidole.

Sisi tuliteremka saa tatu na nusu.