Mwalimu wa Kuanguka

Leo mchana nimemkuta mwanangu mkubwa akiruka kutoka kwenye kochi na kumwangukia mdogo wake godoroni, kama alivyoona kwenye mieleka ya televisheni, na kabla sijamkaripia nikajikuta nautazama mkono wangu wa kushoto. Kifundo chake hakijakaa sawasawa tangu nilipokuwa na miaka 11, siku tuliyotoka kwenye banda la video mtaani kwetu Morogoro tukaenda kurukiana kwenye lundo la mchanga, nami nikaanguka kwa kutanguliza kiganja.

Mchana kutwa nimekuwa nikimfikiria Killer Kowalski, mwanamieleka wa zamani aliyekuja kuwa mwalimu wa mieleka. Wengi wa rika langu hatukumwona akipigana, ila wanafunzi wake tuliwashangilia mpaka sauti zikatukauka: Triple H, pamoja na Chyna, mwanamke aliyetwaa ubingwa wa Intercontinental mwaka 1999 kutoka kwa mwanamume.

Kowalski alizaliwa Windsor, nchini Kanada, mwaka 1926, katika familia ya wahamiaji kutoka Polandi. Alikuwa pandikizi la mtu, urefu wake ukifika mita 2. Tarehe 15 Oktoba 1952, mjini Montreal, aliruka kutoka kamba ya juu kumshukia Yukon Eric, na mguu wake ukanyofoa kipande cha sikio la mwenzake. Alipokwenda hospitali kumjulia hali, alimkuta kichwa kizima kimezungushiwa bendeji, wakatazamana, wote wawili wakaangua kicheko. Magazeti nayo yakaandika kwamba amekwenda kumcheka majeruhi. Tangu hapo watazamaji walimchukia kwelikweli, kumbi zikajaa watu waliotaka kumwona akipigwa, na jina la Killer, yaani muuaji, likamganda hadi kaburini. Mtu huyohuyo, katika miaka hiyohiyo ya 1950, aliacha kula nyama kabisa.

Alistaafu mwaka 1977, akafungua shule ya mieleka katika jimbo la Massachusetts, Marekani, na hapo ndipo ninapompenda zaidi. Ulingo wa mieleka si godoro: ni mbao zilizopangwa juu ya fremu ya chuma, sponji nyembamba, kisha turubai. Kabla hajafundishwa kumwinua mtu, mwanafunzi wa kazi hii hufundishwa kuanguka. Huvuta kidevu kifuani ili kisogo kisigonge, hutoa pumzi, hutua kwa sehemu ya juu ya mgongo, na papo hapo huipiga sakafu kwa mikono iliyokunjuliwa kandoni, viganja vikiwa chini, ili mshindo usambae mwilini badala ya kukusanyika mahali pamoja. Hurudia hivyo siku baada ya siku, mgongo ukiwa umevilia damu, mpaka mwili uache tabia yake ya kuzaliwa nayo, yaani kutanguliza mkono.

Wapo wanaoidharau mieleka kwa sababu mshindi hupangwa. Ni kweli hupangwa, lakini uzito wa mtu mwenye kilo 120 haupangwi, na yule anayekuinua juu ya mabega yake amekabidhiwa shingo yako. Naamini mwalimu ambaye mguu wake mwenyewe uliwahi kukata sikio la mwenzake aliijua amana hiyo kuliko wengi.

Kowalski alifariki tarehe 30 Agosti 2008, akiwa na umri wa miaka 81. Triple H, aliyeanza kupigana mwaka 1992 baada ya kupita mikononi mwake, baadaye alikuja kusimamia malezi ya wanamieleka chipukizi katika WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, na hivyo vijana ambao hawakuwahi kukutana na mzee huyo wanaendelea kupokea sehemu ya kazi yake.

Jioni nimelivuta godoro hadi katikati ya sebule. Sikuwakataza kucheza. Nimewaonyesha kuchuchumaa kwanza, kidevu kifuani, kisha kujiachia nyuma taratibu. Mkubwa alikuwa akirudisha mkono nyuma kila mara, nami nikawa naushika na kuurudisha kandoni. Mara ya tisa viganja vyote viwili vimelipiga godoro kwa pamoja, akabaki amelala chali akinitazama.

“Baba, nirudie tena?”

Nimemwambia arudie.