Makongoro kwa ajili ya mkono wa mama

Jumapili, usiku

Kila anayekuja kumjulia hali mama huondoka akiwa ameacha agizo lilelile: mnywesheni supu ya makongoro, mfupa utaunga upesi. Jirani kasema, wifi kasema, mama mmoja wa jumuiya kasema, hata kijana anayetuletea maji kasema huku akishusha madumu. Mama aliteleza bafuni, akaangukia kiganja, na mfupa ulio juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kulia ukavunjika. Sasa mkono umo ndani ya hogo, umening'inizwa shingoni kwa kitenge, na mwenyewe yuko kwangu hapa Tabata badala ya kuwa Machame, anakotamani kurudi kila asubuhi akiikumbuka migomba yake.

Supu hiyo naipika, tena kwa moyo wote. Ila kwa muda huu nimejiuliza sana inampa nini hasa. Nimesoma, nimemuuliza daktari aliyemtazama mkono, na usiku huu nataka niandike ninavyoelewa, maana naumia ninaposikia supu ikipewa sifa zisizo zake huku zile zilizo zake kweli hakuna anayezitaja.

Kazi yenyewe inaanzia buchani. Mwuza bucha wetu ananijua sasa, akiniona tu anasema, "Dada, leo nimekuwekea miguu ya nyuma." Kabla ya kulipa nanusa. Kongoro lililobabuliwa kwa kuni lina harufu ya moshi na ngozi iliyoungua, basi. Likiwa na harufu ya plastiki au mafuta ya taa, nalirudisha, kwa sababu harufu ile haitoki hata uchemshe siku nzima, na sitaki kumnywesha mama kitu ambacho sijui kilichomwa kwa nini. Namwomba anikatie vipande vinavyoingia sufuriani, na aniongezee mifupa ya viungo, ile ya magotini yenye gegedu nyeupe inayong'aa kwenye ncha. Mifupa mirefu ya paja watu wanaipenda kwa uboho, nami naipenda pia, lakini uboho kwa sehemu kubwa ni mafuta. Utamu unatoka huko, ila uzito wa supu unatoka kwenye ngozi, kano na gegedu. Ndiyo maana kongoro, ambalo karibu halina nyama kabisa, hutoa supu nzito kuliko kilo nzima ya steki.

Nyumbani nakwangua tena kwa kisu hata kama wameshakwangua, hasa katikati ya kwato, mahali masizi yanapojificha. Halafu maji ya kwanza: naiweka mifupa kwenye maji baridi, naichemsha kama dakika kumi, povu la kijivu linapanda, namwaga yote. Jirani yangu mmoja anasema namwaga nguvu ya supu. Sikubaliani naye. Kilichotoka kwa dakika hizo ni mabaki ya damu na uchafu. Kile ninachokitaka mimi hakitoki haraka hivyo. Nasuuza mifupa, naosha na sufuria, kisha naanza upya kwa maji safi yanayoifunika mifupa na kupita juu yake vidole viwili.

Hapo unaingia mkaa, na hapa ndipo penye moyo wa jambo lote. Gesi inapika vizuri, lakini kwa supu ya saa sita mtungi unakwisha huku unautazama. Mkaa ukishashika na supu ikachemka mara moja, natoa nusu ya makaa, yanayobaki nayafunika kwa majivu, na mfuniko nauacha wazi kidogo. Ninachotaka kuona ni viputo vya hapa na pale tu. Ukiiacha itokote kwa fujo, mafuta yanapigwapigwa hadi yanachanganyika na maji, supu inakuwa na ukungu na inaacha utando mdomoni. Kwa mtu mzima mwenye hamu ya kula si neno. Mama alikuja hapa hataki chakula kabisa, na mafuta yalikuwa ya kwanza kumchefua.

Kinachotokea ndani ya sufuria kwa saa hizo zote ni hiki. Ngozi, kano na gegedu vimeshikiliwa na protini inayoitwa kolajeni, iliyosokotwa kwa nguvu sana. Ndiyo inayomwezesha ng'ombe kusimama. Moto ukipita nyuzi 60 hivi za Selsiasi inaanza kulegea, na ikikaa karibu na nyuzi 90 kwa saa nyingi inafumuka na kuyeyuka majini ikawa jelatini. Ng'ombe akiwa mzee, kolajeni yake imefungamana zaidi, kwa hiyo makongoro yake yanadai muda zaidi. Nikiona ngozi inateleza yenyewe kutoka kwenye mfupa, na tone la supu likikauka midomoni midomo inanata, najua imekuwa.

Wakati wa shida ya muda natumia presha kuka, na simwonei haya mtu. Mvuke uliobanwa unapandisha joto la maji hadi kama nyuzi 120, na saa moja na nusu inatosha. Nilifurahi kugundua kwamba chombo hiki tangu kuzaliwa kwake kilikuwa cha mifupa: Denis Papin, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi London, alikionyesha mwaka 1679 kama chombo cha kulainisha mifupa ili watu wapate chakula ndani yake. Hata hivyo siku za Jumapili napendelea mkaa. Nyumba nzima inanukia tangawizi, na mama, ambaye mchana mwingine hulala akitazama ukuta, anakuja mwenyewe kukaa kwenye kigoda karibu na jiko.

Viungo ni vichache. Kipande kikubwa cha tangawizi nilichokiponda, vitunguu swaumu, kitunguu maji kimoja kilichokatwa katikati, pilipili manga nzima. Hivyo naviweka saa ya mwisho, visije vikachoka. Chumvi naweka mwishoni kabisa, tena kidogo, kwa sababu supu inapungua na chumvi inabaki palepale, na mama ana presha. Vile vipande vya viungo vya dukani vyenye chumvi tele siviweki. Ndimu inakamuliwa kwenye kikombe, si kwenye sufuria. Nitaeleza kwa nini.

Sasa niseme kuhusu mfupa kuunga. Tunaamini kwamba supu ya mfupa inakwenda kwenye mfupa, na ya goti kwenye goti. Natamani ingekuwa hivyo. Jelatini ikifika tumboni inamegwa kuwa vipande vidogo kama protini nyingine yoyote, na mwili unavitumia pale unapoona panahitaji. Na kalsiamu, ambayo watu wengi wanadhani ndiyo imejaa humo, haitoki kirahisi. Iko ndani ya mfupa kama jiwe, na maji ya moto hayaliyeyushi. Ukitia ndimu au siki inatoka kidogo, ila kidogo kweli. Mwanamke aliyepita miaka 50 anashauriwa kupata karibu miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Kikombe cha maziwa kina kama 300. Cha supu hakikaribii hapo.

Tena jelatini yenyewe si protini kamili. Karne ya 19 huko Paris watu walikuwa wameipenda mno, wakawa wanawapa maskini na wagonjwa wa hospitali supu iliyotokana na mifupa kama mbadala wa nyama. Ukazuka ubishi mkubwa, na Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ikaunda kamati. Ripoti yake ilitolewa na François Magendie mwaka 1841: mbwa waliolishwa jelatini peke yake hawakuweza kuishi. Siku hizi sababu inajulikana. Jelatini haina triptofani, moja ya vitu ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea na lazima uvipate kwenye chakula. Niliposoma hayo nilimfikiria mama wa watu yeyote anayelala hospitalini akiletewa supu tupu asubuhi, mchana na jioni kwa upendo wote wa ndugu zake, huku misuli yake ikiyeyuka. Hili linanigusa sana. Nimewaona wagonjwa hao wodini, chupa ya chai imejaa supu pembeni ya kitanda, na hakuna kingine.

Basi kwa nini bado nakesha na makongoro? Kwa sababu mama hakuwa anakula. Hogo zito, maumivu usiku, mkono wa kushoto usiozoea kijiko, na aibu ya kulishwa mbele ya wajukuu. Kikombe anaweza kukishika mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Supu ya moto yenye tangawizi inaamsha tumbo, inaleta mate mdomoni, inamrudishia maji mwilini, na baada ya vikombe vichache vya siku za mwanzo alianza kuuliza kama kuna kitu cha kutafuna. Mlango huo nimeutumia kupitisha vingine vyote. Dagaa wa Mwanza niliowakaanga na kuwasaga nanyunyiza kwenye kikombe chake, na hao, kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao, wanaleta kalsiamu ambayo kongoro limeinyima supu. Yai la kuchemsha pembeni. Maharage mchana. Mtindi jioni. Na ndimu inakamuliwa mezani kwa sababu vitamini C inaharibika kwa moto, wakati mwili wa mama unaihitaji hasa kutengeneza kolajeni yake mwenyewe kwenye lile pengo la mfupa. Mapera pia, yakiwa ya msimu. Mama anayapenda yakiwa magumu.

Saa hizi nimeshachuja. Sufuria nzima ya supu ya moto siiachi mezani hadi asubuhi, kwa joto hili la Dar es Salaam. Nimekulia kwenye nyumba ambazo supu inalala jikoni na kuchemshwa tena alfajiri, na najua wengi bado wanafanya hivyo. Lakini kuna bakteria wanaoacha vijimbegu visivyokufa kwa mchemko wa kawaida, na supu inayopoa polepole usiku kucha inawapa nafasi ya kuzaana. Naweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, nakoroga, nabadilisha maji yakipata moto, kisha nagawa kwenye vibakuli vidogo. Vya siku tatu vinakaa chini kwenye friji, vingine kwenye barafu. Asubuhi mafuta yanakuwa yameganda juu, nayatoa kwa kijiko na kuyahifadhi kwa ajili ya kukaangia mboga. Chini yake supu imeshikamana kiasi kwamba ukiinamisha bakuli haimwagiki. Nikiiona imeshika hivyo nafurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Leo mama aliikagua kabla sijaifunika. Akaonja kwa kidole, akanyamaza kidogo, akasema, "Hii ya kesho usiinywe hivihivi, mwanangu. Tupikie mtori."

Nimeshangaa nisilifikirie mwenyewe. Alipotuzaa sisi sote, bibi alimpikia mtori kila siku, ndizi mshare zilizopikwa ndani ya supu ya mifupa na kupondwa hadi zikalainika, na mimi nilipojifungua alinipikia yeye, kwa mkono huohuo ambao sasa umefungwa. Mtori una vyote nilivyokuwa namtafutia: unanyweka, una wanga wa kumpa nguvu, unapokea maziwa na nyama iliyochambuliwa bila yeye kuhangaika kutafuna. Ameniambia na namna: ndizi zisiwe zimeanza kuiva hata kidogo, nizimenye ndani ya maji zisije zikawa nyeusi, nyama ya mbavu iive kwanza kwenye supu hii hii ndipo ndizi ziingie, na nisiweke kitunguu kingi kwa sababu supu tayari inacho. Kuponda nitaponda mimi, yeye atakaa kwenye kigoda kutoa amri.

Mshare halisi hapa mtaani ni za kubahatisha. Kesho asubuhi nitapita Mabibo sokoni kabla ya kazi, na nikizikosa nitampigia binamu yetu aulizie kwenye mabasi yanayotoka Moshi.