Hatamu ya Zawadi

Fundi viatu wa pale stendi ya Mafinga alichakura kopo lake la misumari, akatoa bizimu la shaba na kuniuliza kama litafaa mkanda wangu wa suruali. Halifai. Ulimi wake ni mnene mno, na shaba yenyewe imelika upande mmoja tu, pale ngozi inapovutwa siku zote kuelekea chini. Lile ni bizimu la hatamu, ile mikanda ya kichwani ya farasi. Sikumuuliza kalipata wapi. Nilichukua viatu vyangu nikaondoka, ila akili ilishafika Mufindi, stoo ya matandiko ya farasi, usiku wa kuamkia yale maonyesho madogo ya wenye farasi, Mama, yule Mwingereza wa pale, na Mzee wa Kibao wakibishana juu ya kichwa cha Zawadi.

Zawadi alikuwa mtoto wa farasi wa mwaka mmoja na nusu. Mama yake chotara wa Kiarabu, baba yake farasi wa mifupa. Alirithi miguu mizuri ya mama na uso mrefu wa baba, na ubishi wote wa usiku ule ulitokana na huo uso.

Mezani palikuwa na hatamu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya utepe mweupe wa pamba, haina bizimu wala pete. Uingereza huvalishwa farasi wadogo wa milimani, kama wale wa Wales, na Mama aliipenda kwa sababu ndiyo aliyoizoea kwao. Mzee alimvalisha Zawadi, akarudi nyuma hatua chache, akamvua bila kusema neno. Weupe ule juu ya manyoya ya kahawia ulivuta jicho lote kwenye pua. Ya pili ilikuwa ya Kiarabu, ngozi nyembamba iliyoviringwa, na mnyororo mwembamba wa kupita chini ya kidevu. Kwa uso mfupi uliobonyea katikati inapendeza mno, maana haifichi kitu. Kwa uso wa Zawadi, nayo haikuficha kitu.

Ikabaki ya tatu: ngozi ya kahawia iliyokolea, mabizimu ya shaba, ukanda wa pua mpana. Ukanda mpana unakata urefu wa uso, mwembamba unaurefusha. Kwa hilo hata Mama alikubali. Alichotaka yeye ni kuongeza lijamu.

"Mzee, bila chuma mdomoni atamburuta huyu kijana uwanja mzima."

"Mama, kwa chuma atambeba."

Mzee akafungua mdomo wa Zawadi, akaniambia nisogeze taa. Mbele ya magego ya juu, pale pasipo na meno, kulikuwa na kijino kidogo kama punje ya mchele, kimechomoza upande mmoja. Farasi wengi huotesha vijino hivyo kabla ya kutimiza mwaka au mara tu baadaye. Havitafuni chochote, lakini lijamu ikivigonga farasi hurusha kichwa, na watu husema ana kiburi. Tena Zawadi alikuwa hajawahi kufundishwa lijamu. Anayemwongoza farasi kwa miguu anavuta kutoka upande mmoja. Ukifunga kamba kwenye pete moja tu ya lijamu, chuma kinateleza na kupita mdomoni kuelekea kwako. Ndiyo maana wanaotumia lijamu huunganisha pete mbili kwa ukanda mfupi chini ya kidevu, kisha kamba ikafungwa katikati ya ukanda huo. Ukanda huo hatukuwa nao. Mama akasema basi tumweke mnyororo wa ile hatamu ya Kiarabu. Mzee akajibu kwamba mnyororo ukivutwa ghafla unambana kidevu, na mtoto wa farasi akibanwa anakwenda juu kabla hajafikiria kurudi nyuma. Akisimama wima na wewe bado unavuta, anaanguka chali.

Mama akanyamaza. Manyunyu yalikuwa yakigonga bati, nasi wote watatu tulikuwa tunatoa moshi mdomoni kwa baridi; Julai ya Mufindi mnaijua.

Mzee aliushika mkono wangu akautumia kama rula, maana vidole vyake vilishanenepa kwa kazi. Akaweka vidole vyangu viwili chini ya mfupa wa shavu uliochomoza: ukanda wa pua ukae hapo. Ukishuka zaidi unalalia sehemu ambayo mfupa wa pua ni mwembamba na pumzi inapita. Kisha vidole viwili kati ya ukanda na pua. Ukikaza zaidi ya hapo hawezi kutafuna. Ukilegeza, siku akijikuna kwa mguu wa nyuma kwato inaingia ndani ya ukanda na utakuta ameanguka. Ukanda wa kisogo ulihitaji tundu moja zaidi, kichwa cha mwaka na nusu bado kinakua. Mama akaenda kuchoma msumari jikoni. Mzee akakataa: moto unaunguza nyuzi za ngozi, tundu linakuwa gumu pembeni, na ndipo litakapopasukia siku akivuta. Alikuwa na chuma chake cha kutobolea, akakigonga juu ya kipande cha mbao, mara moja, ngozi ikatoka duara safi. "Haya, mnyalukolo, ndugu yangu, sugua."

Nikasugua. Sabuni ya ngozi inataka sponji iliyokamuliwa karibu ikauke. Ukiona povu, maji yamezidi na ngozi itakauka kama ubao. Shaba ing'arishwe hatamu ikiwa mezani, na dawa ifutwe mpaka kitambaa kitoke cheupe, la sivyo kesho shavu la farasi lina alama nyeusi. Pale kwetu ngozi iliota ukungu ikiachwa bila kuguswa hata wiki, kwa hiyo kazi ya kusugua haikuwahi kuisha.

Mavazi yangu yaliamuliwa kwa dakika chache. Suruali ya kaki, shati jeupe, koti la kahawia lenye kubana mwili. La bluu lilikataliwa kwa sababu lilimeza rangi ya farasi. Koti lisipepee. Tai ichomekwe ndani ya shati, isije ikampiga usoni. Gambuti nilizotaka kuvaa zikaachwa mlangoni, huwezi kukimbia nazo. Nikapewa viatu vya kamba vyenye soli ya mpira yenye meno, kwa ajili ya majani yenye umande. Glovu za pamba zenye vidoti vya mpira, maana za ngozi zikilowa zinateleza. Kofia. Kamba ya mita tatu hivi, mkono wa kulia karibu na kidevu, iliyobaki ikunjwe mkono wa kushoto tabaka juu ya tabaka. Kuizungusha kiganjani ni marufuku. Kuna watu Mufindi wanaohesabu vidole tisa.

Kesho yake walikuwa farasi wanne uwanjani, na ukungu haukupanda mpaka saa nne. Zawadi alitembea, akaenda mchakamchaka, nikamgeuza kwa kumsukuma kulia ili asinikanyage. Mbele ya mwamuzi nikamsimamisha: mguu wa mbele ulio upande wa mwamuzi umetangulia kidogo, wa nyuma wa upande huohuo umebaki nyuma kidogo, miguu yote minne ionekane. Dume mmoja mwenye mnyororo alisimama wima mara mbili, lakini hakuanguka, na ndiye aliyekuwa wa kwanza. Sisi wa tatu. Mwamuzi alisema tumevaa vizuri, kisha akasema angependa kumwona farasi mwenye uchangamfu zaidi.

Njia nzima ya kurudi Mama alirudia neno lile, uchangamfu. Kwake maana yake ilikuwa lijamu. Mzee alikuwa anatazama mashamba ya chai dirishani.

Mwaka uliofuata Zawadi alivalishwa lijamu ya mpira iliyonyooka, kijino kimeshang'olewa na daktari wa mifugo, ukanda wa kuunganisha pete umeshonwa hapohapo Mafinga. Akawa wa kwanza. Mama akasema ni lijamu. Mzee akasema ni umri. Lile dume la mnyororo, mwaka huo, halikuletwa.