Ng'ombe hawanywi pale

Jana binti yangu kakosea, katia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Nilivyopiga funda la kwanza nikaweka kikombe chini nikanyamaza, akawa ananiuliza mama vipi, mbaya sana? Wala haikuwa chai. Nilisharudi Singida, ule mwaka wa kisima.

Nilikuwa namtafsiria yule bosi wetu Mholanzi. Siku ya kuchagua pa kuchimba alitandaza ramani kwenye boneti ya Land Cruiser, akaweka mawe manne upepo usiipeperushe, akasema neno lake la kila siku: asiyekubali aseme sasa hivi, hapa hapa. Kwao kumwambia mkubwa usoni kwamba amekosea ni kumsaidia kazi, na ukikaa kimya basi umekubali. Wazee walikuwa kama sita, kimya. Babu mmoja mwenye koti la kijivu akawa anachora mchangani na fimbo yake, mstari, anaufuta, anachora tena, halafu akasema taratibu bila kumtazama mtu, "Mwanangu, mwambie mgeni, ng'ombe wetu hawanywi pale."

Mi nilielewa palepale. Singida nani asiyejua maji ya chumvi, ziwa Singidani liko pale mjini na hakuna anayechota ya kunywa. Babu alishamaliza kila kitu, na mgeni hajaaibika mbele ya watu. Nikageuka nikatafsiri, anasema ng'ombe wao hawanywi pale. Neno kwa neno, basi. Bosi akafurahi, akasema vizuri sana, kisima hakitachafuliwa na mifugo, akaweka alama nyekundu.

Nilikuwa na miaka 24. Nikajiambia kama mzee wa umri wa baba yangu kaishia hapo, mi nani niongezee.

Baadaye sana, niko chuo cha jioni, nikafundishwa habari za Hofstede, naye Mholanzi, aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM wa nchi zaidi ya 50. Kwenye kipimo cha umbali kati ya mkubwa na mdogo Uholanzi wana 38, sisi Afrika Mashariki tumewekwa kapu moja tuna 64. Darasa zima likaitikia ndiyo, sisi mbele ya bosi hatusemi. Roho iliniuma, maana babu alisema. Alisema mapema, tena mbele ya wote, na mtu pekee aliyejua lugha zote mbili nilikuwa mimi.

Mashine ikaja, wakachimba, maji yakatoka, vigelegele, na bosi akakinga kikombe wa kwanza. Akatema. Hakugomba, alisimama tu na kile kikombe akauliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Babu akanivuta pembeni, anasemaje? Nikamwambia. Akanitazama muda mrefu, "Si nilisema, mwanangu?"

Bosi naye, anasemaje?

Nikamjibu, anakupa pole.