Matangazo ya Watu

Nimeona bora niliandike tu, kwa sababu nikilala nalo tena litaniamsha usiku wa manane.

Shemeji mnamjua, mdogo wake Baba Neema. Jumapili alikuja na wenzake, na watu walipokuwa bado wanatafuta pa kukaa, yeye alishafika kwenye kabati langu la kioo. Hakuomba. Alifungua, akapitisha macho rafu mbili, akatoa kile kigari cha kuchezea cha kampuni ya Lledo, Ford Model T ya zamani ya kusambazia mizigo, yenye jina la kampuni ya mbegu za bustani ubavuni. Akakigeuza, akasoma maandishi ya chini.

"Shem, hivi ni vya Neema?"

"Hapana, ni vya kwangu."

"Unauza?"

"Siuzi."

"Sasa hiki mbona kimeandikwa promosheni? Vilikuwa vinatolewa bure?"

"Hicho ndiyo, kilitengenezwa kwa ajili ya promosheni."

"Ahaa. Kumbe kazi yako ni kuwatunzia watu matangazo yao!"

Wakacheka. Akakiweka mezani chali, magurudumu juu, akahamia kwenye mpira. Baba Neema naye alicheka. Cheko fupi, la puani, lakini nililisikia.

Wiki hii ofisini tumeletewa mkuu mpya, idara yetu imeunganishwa na ya ghala, na Neema amepata ile shule aliyokuwa anaililia. Yote hayo nimeyapokea kama redio ya jirani. Mimi niko kwenye "Ahaa." Nasafisha meno, "Ahaa." Mkuu mpya anaeleza mipango yake, mimi najibu hoja za Shemeji kimoyomoyo, na kila nikijibu nashinda.

Mara naanzia mbali kabisa. Namwambia: Shem, mwaka 1934 kampuni ya Meccano ya Liverpool, Uingereza, ilitoa vigari vya kuchezea vya Dinky, vya kusambazia bidhaa, ubavuni vimebandikwa majina ya biashara za kweli: Pickfords, Oxo, gazeti la Manchester Guardian. Watoto walivitaka kwa sababu ndivyo magari ya barabarani yalivyokuwa. Gari la mizigo lisilo na jina ubavuni lingeonekana la uongo. Tangazo halikuja baadaye kuharibu kitu cha kuchezea, vilikua pamoja.

Mara namsimulia habari za Jack Odell. Huyu ndiye aliyemtengenezea binti yake rola ndogo ya shaba, mfano wa ile ya kushindilia barabara, kwa kuwa shuleni kwao mtoto aliruhusiwa kuja na kitu kinachoenea ndani ya kiberiti na si zaidi. Hapo ndipo vilipotoka vigari vya Matchbox, 1953. Kampuni iliyovitengeneza, Lesney, ilifilisika mwaka 1982, na mwaka huohuo mzee akaanzisha nyingine, akaiita kwa jina lake mwenyewe lililoandikwa kinyumenyume. Lledo. Sasa ujanja wake ulikuwa hapa: kalibu ya kumimina bodi ya chuma ni ghali, ila ukishakuwa nayo unaweza kumimina bodi ileile miaka na miaka, ukabadilisha rangi na maandishi tu. Pedi laini ya silikoni inachota wino kwenye bamba lililochongwa, inaukandamiza ubavuni mwa gari, kisha inakuja rangi inayofuata. Kwa hiyo hata mfanyabiashara mdogo aliweza kuagiza vigari vyenye jina lake. Za kuuza madukani ziliandikwa Days Gone chini, za kuagizwa ziliandikwa kuwa ni za promosheni. Maandishi hayohayo aliyoyasoma Shemeji na kuona amenikamata!

Na ndiyo maana za promosheni zinanivuta kuliko zile za toleo maalumu. Hizo za toleo maalumu zimekaa ndani ya boksi tangu siku zilipozaliwa, na cheti chake, hazijawahi kuguswa. Hii ya mbegu maandishi yake ni ya dhahabu, na upande wa kushoto dhahabu imefutika pembeni, duara dogo tu, pale kidole gumba cha mtoto kilipokuwa kinashika na kusukuma. Mchapo wenyewe umezama kwenye rangi, ukiupitishia ukucha husikii ukingo. Kuna watu wanachukua Model T tupu, wanaibandikia stika, halafu wanakuapia kuwa ni adimu. Ukucha unawaumbua.

Nashukuru hakufika rafu ya chini. Huko kuna kile cha kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, chenye ugonjwa wa zinki: madini ya risasi kidogo yaliyoingia kwenye mchanganyiko wa metali wakati wa kuyeyusha, na miaka yote hii chuma kinavimba na kupasuka chenyewe kwa ndani. Hakuna dawa. Angekigeuza kama alivyogeuza kile, tungefagia unga.

Lakini leo, naosha vyombo, nikakumbuka jambo nikacheka peke yangu mpaka Neema akaja kuchungulia. Shemeji alikuwa amevaa kofia ya kampuni anayofanyia kazi. Fulana, ya kampuni hiyohiyo, nembo kifuani, nembo mgongoni, namba ya simu ya huduma kwa wateja chini ya shingo. Na mwavuli alioupachika mlangoni, na kuusahau, umezungukwa na jina hilo kila pembe. Mtu mzima, ubavu wa kushoto na wa kulia umechapwa, ndiye anayeniambia natunza matangazo! Angalau mimi vyangu vina magurudumu.

Nilimwambia Baba Neema. Safari hii alicheka vizuri, kwa sauti, akasema mwavuli huo tusiurudishe, tuuweke kabatini. Nimekataa. Nafasi hakuna, na siweki kitu ambacho bado kinatolewa.

Mkuu mpya nitawasimulia siku nyingine. Mama amepiga jioni hii, anasema majibu ya macho yametoka ila hataki kuyazungumza kwenye simu, niende Jumamosi. Nimemuuliza ni jicho moja au yote mawili, akaniuliza Neema ameshashona sare.